Kufuata Kipupwe: Njombe, Makete na Kitulo

Jumatatu: Mbezi hadi Njombe

Basi limetoka stendi ya Magufuli giza likiwa bado limetanda. Abiria wa Njombe mwezi Julai hajifichi: amepakata koti zito na kofia ya sufu, huku jasho la Dar linamchuruzika. Mimi nina sweta mbili, daftari, na kipimajoto cha bei rahisi kinachotunza kiwango cha chini na cha juu. Ninachofuata huko ni baridi yenyewe. Nina duka la pembejeo Kibaha, na wateja hawaishi kuniletea swali lilelile: mtufaa nimeupanda, nimeutilia samadi, nimeumwagilia, umenenepa, mbona hautoi hata ua? Wengine huleta mbegu walizotema baada ya kula tufaa la dukani, wakidai wameuziwa tunda lenye mbegu zilizokufa. Nimechoka kuwajibu kwa yale niliyosoma tu, nikaamua nipande juu nikayaone.

Somo la kwanza limekuja kabla hatujafika kwenye baridi. Pale Ruaha Mbuyuni basi lilipopunguza mwendo, vijana walitujia madirishani na nyavu za vitunguu. Bonde lile ni joto, maji ya umwagiliaji yapo, na vitunguu vinajaa vizuri. Nikamuuliza mmoja mbegu wanaitoa wapi.

"Dukani, dada. Hapa tunalima kitunguu, mbegu ni habari nyingine."

Amesema kweli kuliko alivyodhani. Kitunguu ni mmea wa misimu miwili. Msimu wa kwanza kinajaza kichwa, wa pili kinatoa bua, ua na mbegu, na katikati kinataka kipindi cha ubaridi, nyuzi joto 8 hadi 13 hivi kwa wiki kadhaa. Aina zetu za nchi za joto zinaridhika na ubaridi mdogo kuliko za Ulaya, lakini joto tupu haliwezi kuzitoa maua ya kutosha. Na joto linaweza pia kufuta. Ulaya wanapohifadhi vitunguu vidogo vya kupanda, huvikalisha kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25 makusudi, ili ubaridi vilioupata ghalani ufutike na visije vikakimbilia kutoa maua shambani badala ya kujaza. Nimenunua wavu mmoja, nikaubana chini ya kiti.

Kitonga tukaipanda taratibu nyuma ya malori. Kufika juu, madirisha yakaanza kufungwa moja moja bila mtu kuambiwa. Mafinga, Makambako, kisha lami ya kuingia Njombe kwenye misitu ya misonobari. Nimefika usiku. Dada wa gesti amenisalimia "Kamwene", amenipa ndoo ya maji ya moto na blanketi la tatu bila kuliomba, akanionya nisiingize jiko la mkaa chumbani kama wageni wengine wanavyofanya.

Jumanne: Njombe, kwenye kitalu

Kipimajoto nilikiacha nje ya dirisha. Alfajiri kimeniambia usiku ulishuka hadi nyuzi 4. Saa saba mchana kilisoma 17, ukungu ukiwa ndiyo kwanza unaachia.

Namba hizo mbili ndizo zinazoeleza mtufaa. Mti huu umetoka kwenye nchi zenye majira ya baridi ya kweli. Vuli ya huko inapoingia unapukutisha majani, unafunga macho yake, yaani machipukizi ya tawini, na kulala, na haukubali kuamshwa na siku tatu za jua katikati ya theluji, maana ungetoa maua yakaungua yote. Kwa hiyo unajumlisha. Wakulima wa matunda huhesabu saa ambazo hewa imekuwa chini ya nyuzi 7 hivi tangu mti ulale, na aina kama Red Delicious na Golden Delicious zinadai takriban saa 800 hadi 1,000 kabla macho hayajakubali kufumuka sawasawa. Mti unadunduliza saa hizo kama mtu mwenye kibubu, na mchana wa joto unaingia kumchomolea. Njombe usiku unaweka, mchana unatoa. Kipupwe cha Juni hadi Agosti hakifikishi saa 1,000, na Kibaha hata saa moja haipatikani mwaka mzima.

Mwenye kitalu nilichokitembelea, nje kidogo ya mji, ni mzee mstaafu aliyevaa koti la mvua siku isiyo na mvua. Nilimwamkia, nikamweleza shida za wateja wangu. Akacheka kwanza.

"Mwanangu, hao wa Pwani wanataka epo walilolionea supermaketi. Hilo lina baba yake na mama yake huko kwenye theluji. Hapa sisi tunafuga Anna."

Anna ni aina iliyozalishwa Israeli, Ein Shemer, na mkulima aliyeitwa Abba Stein, ili imudu mahali ambapo baridi ni chache. Inaridhika na saa 200 hadi 300 tu. Kwa kuwa haijichavushi vizuri, mzee amechanganya na Dorsett Golden, aina iliyopatikana visiwa vya Bahama, ambayo hutoa maua wakati mmoja nayo. Ukiona mtufaa mmoja pekee katikati ya ua wa mtu, hata ukitoa maua, usishangae matunda yakiwa ya kuhesabu kwa vidole.

Kisha akanipeleka kwenye mti mmoja wa aina asiyoijua, aliorithi na shamba. Matawi yake yalikuwa matupu kwa urefu wote, na majani yamejikusanya nchani tu. Kwenye tawi moja palikuwa na ua lililonyauka, tunda la ukubwa wa gololi, na tunda karibu kuiva, vyote pamoja. Huo ndio mti uliokosa baridi ya kutosha: hauna mwezi wa maua, macho yanafumuka yanapojisikia, mengine hayafumuki kabisa. Mkulima hawezi kuvuna kwa mkupuo, na nyuki hawakuti maua ya kutosha siku moja.

Miti yake ya Anna anaisaidia kwa mikono. Karibu na mwisho wa kipupwe huinyofoa majani yote yaliyobaki, jani kwa jani, maana huku mtufaa unaweza kubaki na majani mwaka mzima bila kulala usingizi wa kweli. Mti ukivuliwa majani hufumua macho kwa pamoja. Kule Batu, Java ya Mashariki, Indonesia, wakulima wameijenga kazi nzima juu ya jambo hilo: wanavuna, wananyofoa majani, mti unatoa maua kabla haujaingia kwenye usingizi mzito, na wanapata mavuno mawili kwa mwaka nchi isiyo na majira ya baridi. Nilimwambia mzee. Alinyamaza kidogo, akasema mikono ya kunyofoa majani mara mbili kwa mwaka ataitoa wapi.

Kilichonishika zaidi kilikuwa ndani, jikoni kwake. Kwenye friji, rafu ya chini, mbali na barafu, kuna makopo ya siagi yaliyotobolewa vifuniko. Alifungua moja. Ndani mna mchanga mbichi, na kwenye mchanga mbegu za tufaa. Alichokoa moja kwa ncha ya kijiti, akaniwekea kiganjani. Ganda la kahawia limepasuka upande wa ncha, na mzizi mweupe umetokeza, haufiki milimita tatu, umejikunja kidogo kutafuta chini.

"Hii nimeiweka Mei mwanzoni. Zenzie za juu ya kabati zimelala mpaka leo."

Mbegu hizo za kabatini zilitoka kwenye matunda yaleyale. Zimekaa kwenye mchanga uleule, zimepata maji yaleyale, ila hazikupata ubaridi. Mbegu ya tufaa inaiva ikiwa na kizuizi ndani yake: homoni iitwayo asidi ya absisiki inayokiambia kiinitete kitulie. Inataka wiki nane hadi kumi na mbili za ubaridi wa nyuzi 1 hadi 5, ikiwa na unyevu, ndipo nguvu ya homoni hiyo ipungue na jiberelini, zinazosukuma uotaji, zipate nafasi. Unyevu ni lazima. Mbegu kavu ukiiweka kwenye friji hata mwaka, imehifadhiwa tu, haijapita kwenye baridi kwa maana tunayoitaka hapa. Na ukijitia ujanja ukachuna ganda ili kulazimisha mbegu isiyopata baridi iote, unaweza kupata mche mfupi, vifundo vimebanana, majani yamejikunja, na unadumaa hivyo hadi upitishwe kwenye baridi.

Miche hiyo ya mbegu si ya kuzalia matunda. Tufaa halizai sura yake kwa mbegu, kila mbegu ni bahati nasibu. Mzee anaipanda kwenye viriba, ikifikia unene wa penseli anaibebesha vikonyo vya Anna, yaani vijiti vilivyokatwa kwenye mti wa Anna. Nimetoka pale na jibu la wale wateja wangu wa mbegu, na mche sikununua, ingawa mzee alinitazama kwa matumaini.

Jumatano: Njombe hadi Makete

Kosta imejaa magunia. Lami inapanda na kushuka, vilima vya Wakinga vimelimwa mpaka kileleni.

Kabla ya Makete tulisimama dereva anunue mahindi ya kuchoma, nikashuka kuangalia vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa chini. Viazi vya pale chini majani yalikuwa meusi na yamelegea, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, lakini vya ukingoni, hatua chache tu juu, vilikuwa kijani kabisa. Mama aliyekuwa anapalilia hakuhitaji kuulizwa. "Sakitu imepita juzi. Ilikuwa usiku wa nyota, hatukuona wingu."

Sakitu ni ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani usiku wa baridi. Usiku usio na wingu ardhi inatoa joto lake juu bila kuzuiwa. Hewa inayoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateleza kufuata mteremko na kutuama bondeni. Ndiyo maana kinyungu, chenye udongo bora na maji, ndicho kinachoungua kwanza. Barafu huanza nje ya seli za jani, inavuta maji kutoka ndani, na jua likitoka jani linabaki ganda tupu. Mama alisema atasubiri, viazi vitachipua tena kutoka chini ila vitachelewa. Wenzake wa upande wa pili huwa wanamwagilia jioni ili udongo wenye maji ushike joto la mchana. Yeye hana pampu.

Makete nimekaribishwa kwenye ghala la mbegu za viazi, la mbao, lenye mapengo ya kupitisha mwanga na hewa. Hapo nikakuta baridi ikifanya kazi ya kinyume na ile ya kopo la siagi. Kiazi kikivunwa kinalala chenyewe miezi miwili au mitatu, kulingana na aina, na ubaridi unarefusha usingizi huo. Ukitaka kisichipue, kiweke nyuzi 4. Ukitaka kiamke, kipe joto kidogo. Mkulima wa Makete anayetaka kupanda haraka analalamika kwamba mbegu yake haijatoa macho, wakati mwenzake wa uwanda wa chini kwa mbegu ileile tayari ana machipukizi marefu yaliyonyong'onyea. Kwa hiyo mtu akikwambia baridi inaamsha mbegu, muulize kwanza ni mbegu gani.

Alhamisi: Makete, pareto na ngano

Siku ya leo nimeitumia yote kwenye mashamba ya pareto, na sijuti.

Pareto asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adriatiki. Wazungu waliileta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Kenya ikaja kuongoza dunia kwa miongo mingi. Tanganyika nayo ikaipanda nyanda za juu. Leo Tasmania, Australia, ndiyo inayotangulia, lakini vilima hivi vya kusini bado vinatoa maua mengi. Kinachotafutwa ni sumu ya kuua wadudu, pairethrini, ambayo imejaa kwenye vimbegu vidogo vilivyojipanga ndani ya kichwa cha ua. Petali zile nyeupe, ambazo mpita njia ndizo anazopiga picha, karibu hazina kitu. Ua likikaushwa, dawa ni kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake.

Mama mwenye shamba, niliyemwita shangazi tangu dakika ya kwanza kwa kuwa ndivyo alivyotaka, alipiga magoti kwenye kishada kimoja na kupanua majani kwa vidole viwili. Katikati kabisa, karibu na udongo, palikuwa na matumba ya kijani, magumu, mengine hayazidi milimita tatu, yamejibana kwenye mabua mafupi. "Haya yameanza baridi ilipokolea," akasema. Pembeni palikuwa na maua machache yaliyotangulia. Alichuma moja, akanionyesha lile duara la njano: safu tatu za nje zilikuwa zimefunguka, za ndani bado. Hapo ndipo linachumwa, kichwa peke yake bila bua, maana bua linaongeza uzito bila kuongeza dawa na mnunuzi analikataa.

Mmea huu haudai baridi ya kuumiza. Ukipata usiku wa chini ya nyuzi 16 hivi kwa takriban wiki mbili mfululizo, unaanza kutengeneza matumba. Joto likizidi nyuzi 24 kwa siku kadhaa, unasita. Kwa hiyo mwinuko ndio unaoamua. Ukiishusha pareto chini itaota, itanawiri, itakuwa na majani ya kupendeza kuliko ya shangazi, na hutachuma kitu. Ni kisa kilekile cha mtufaa wa Kibaha kwa kiwango cha chini zaidi: mmea una afya, una mbolea, una maji, ila haujapewa ishara ya kuacha kukuza majani na kuanza kuzaa.

Ng'ambo ya shamba kuna ngano, imeanza kugeuka rangi. Nikamuuliza kijana wa shangazi, mwenye diploma ya kilimo, kama wamewahi kujaribu mbegu ya ngano ya Ulaya. Akasema alishaona: ilikaa chini kama nyasi, ikajitanua, haikutoa suke. Bila shaka ilikuwa ngano ya majira ya baridi, ile inayopandwa vuli na kuvunwa kiangazi kinachofuata. Inataka wiki nne hadi nane za nyuzi 0 hadi 7 ndipo ikubali kutoa suke. Ngano tunayolima sisi ni ile wanayoipanda wao baada ya theluji, isiyo na deni hilo.

Jambo hili limejulikana zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1857 John Klippart wa Ohio, Marekani, aliandika kwamba ngano ya majira ya baridi ikiloweshwa ichipue kidogo, kisha ikazuiwa na ubaridi, unaweza kuipanda baada ya baridi kupita ikazaa mwaka uleule. Mwaka 1918 Mjerumani Gustav Gassner akalipima kwa utaratibu. Kisha akaja Trofim Lysenko wa Urusi ya Kisovieti, akalipa jina na kulivumisha kuanzia 1929, halafu akavuka mpaka: alidai ngano iliyopitishwa kwenye ubaridi inarithisha hali hiyo kwa watoto wake. Stalin alimpenda. Waliompinga walipotea, na Nikolai Vavilov, mkusanyaji mkubwa wa mbegu kuliko wote wa zama zake, alifia gerezani mwaka 1943.

Watoto hawarithi. Sababu imeonekana vizuri kwenye kimmea kidogo cha Arabidopsis, hasa kwenye kazi za Caroline Dean na wenzake wa Kituo cha John Innes, Norwich, Uingereza. Kimmea hicho kina jeni iitwayo FLC, kazi yake ni kuzuia maua. Baridi inapoendelea wiki baada ya wiki, jeni hiyo inafungwa seli moja moja. Hakuna seli iliyofungwa nusu: ama imefungwa ama haijafungwa, na kadiri baridi inavyorefuka ndivyo zilizofungwa zinavyokuwa nyingi. Joto likirudi zinabaki zimefungwa, na seli zinazogawanyika zinapokeza hali hiyo, ndiyo maana mmea unatoa maua miezi baada ya baridi kwisha. Lakini mbegu mpya inapotungwa, jeni inafunguliwa upya. Kila kizazi lazima kipite kwenye baridi yake chenyewe.

Ngano njia yake ni tofauti kwa jeni, lakini tabia ni hiyohiyo. Kijana alisikiliza yote, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: tukiiloweka ngano ya Ulaya tukaiweka friji wiki sita, itazaa Makete? Nadhani sehemu yake ingezaa, nikamwambia, ila nyingi ya hizo aina zinasubiri pia siku ndefu. Ulaya mchana wa kiangazi ni saa 16 au zaidi. Hapa, kati ya siku ndefu na fupi kabisa, tofauti haizidi saa moja na kitu. Na ukiwa na ekari tatu, friji ya ukubwa gani?

Bustanini kwa shangazi kabichi moja ya zamani, iliyosahaulika, imepasuka kichwa na kusukuma bua lenye maua manjano. Kabichi haisikii baridi ikiwa mche mdogo. Lazima shina linenepe kwanza, ndipo wiki kadhaa za chini ya nyuzi 10 ziigeuze. Chainizi ni tofauti, inasikia tangu mbegu inapochipua, na ndiyo maana huku juu inakimbilia maua kabla hujala majani mara mbili.

Ijumaa: Kitulo

Bodaboda imenichukua alfajiri. Dereva kavaa gambuti, makoti mawili, na soksi mikononi. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, na jua lilipochomoza nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Kipimajoto kilisoma 2 chini ya sifuri. Ng'ombe wa shamba la serikali walikuwa wanatoa moshi puani.

Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Watalii huja Desemba hadi Machi kuona maua. Mimi nimekuja kuona bustani ikiwa imefungwa: nyasi za kahawia, vichaka vichache vya Helichrysum vyenye maua makavu yanayokwaruza, upepo. Okidi za ardhini, zaidi ya aina 40, zipo chini ya miguu, kila moja imejikusanya kwenye kiazi chake udongoni. Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko, na biashara hiyo ilikuwa sehemu ya sababu za kuupigania uwanda huu ulindwe.

Ningependa kuandika kwamba sakitu hii ndiyo inayoamsha maua ya Desemba. Ingekuwa hadithi nzuri. Lakini kinachoonekana hapa ni mvua: inanyesha Novemba, uwanda unafunguka, ikichelewa nao unachelewa. Baridi ya milima ya tropiki haina msimu kama ya Ulaya. Mchana huu huu kipimajoto kilipanda hadi 15, na ngozi ya pua yangu ikaungua. Mmea unaokutana na baridi usiku na jua kali mchana, miezi mingi ya mwaka, hauwezi kuitumia baridi kama kalenda. Unajikinga nayo tu: unalala chini, unafunika chipukizi kwa manyoya au majani makavu, unasubiri maji.

Dereva alisubiri kwa uvumilivu nikiwa nimelala kifudifudi na kioo cha kukuzia. Akaniuliza kama nimepoteza pete.

Jumamosi: Matamba, Chimala, Uyole

Kona 57 za kushuka Matamba hadi Chimala zinakuvua sweta. Chini ni Usangu, nchi ya mpunga, zao ambalo baridi kwake ni hasara tupu: usiku wa chini ya nyuzi 15 wakati suke linajiandaa kutoka unaua chavua, na mkulima anavuna mapepe. Mpunga ulishavunwa. Nimekula wali na samaki stendi, nikapanda gari la Mbeya.

Uyole nimepita kwenye duka moja la pembejeo, maana siwezi kupita duka la mwenzangu bila kuchungulia. Nje palikuwa na miche ya tufaa yenye lebo ya Golden Delicious, na baba mmoja wa Igurusi, bonde lilelile la joto nililotoka, amekwisha kushika miwili. Nilimwamkia, nikamuuliza anaipeleka wapi. Nikamweleza saa 1,000 za baridi ni nini, na kwamba Igurusi hata Anna angemsumbua.

"Sasa hela yangu nifanyie nini, binti?"

Nikamwonyesha miche ya maembe ya kubebesha iliyokuwa nyuma ya mlango. Alichukua minne. Muuzaji alinikazia macho mpaka alipohesabu hela na kukuta maembe yamemlipa zaidi.